Uliyepandisha, Ushushe

Kabla sijaanza, napenda kutamka kwa uzito unaostahili kwamba sijawahi kumdhuru binadamu yeyote kwa makusudi. Kengele ya shule niliipiga saa kumi alfajiri badala ya saa kumi na moja kwa nia njema kabisa, ili wanafunzi mia sita wa bweni wapate muda wa ziada wa kuoga. Waliupata. Hata makamu mkuu wa shule aliupata, maana alitoka mbio na povu la dawa ya meno mdomoni, soksi mguu mmoja, akatuongoza sote hadi bafuni kabla hajakumbuka kutazama saa.

Ndiyo maana katikati ya muhula nikajikuta nyumbani kwa Shangazi kwa wiki mbili, nikiwa na jina jipya la Kengele na adhabu ya kunakili mara thelathini hotuba ya Mkuu wa Shule iitwayo "Matumizi Bora ya Bomba la Maji". Hotuba hiyo ina kurasa kumi na moja. Mkuu huisoma kila mwanzo wa muhula, uwanjani, sote tumesimama, na nimemwona kwa macho yangu mwenzangu wa kitanda cha juu akilala wima kama nguzo ya umeme, tukamshika mkono kumpeleka darasani.

Shangazi ni muuguzi wa benki ya damu, lakini wodini humwoni. Kazi yake ni miguu. Mtaa wake una watu waliohamia kutoka pande tatu, wa milimani, wa visiwani na wa nyandani, na kila kundi lina lugha yake, kona yake, na maoni yake kuhusu makundi mengine mawili. Kwa miaka miwili Shangazi amebisha hodi mlango kwa mlango akiwaomba watu waje kuchangia damu. Lugha zao hazijui, kwa hiyo amepata watu watatu wa kujitolea: Fundi Cherehani kwa watu wa milimani, Mama Mikate kwa watu wa visiwani, na Kinyozi kwa watu wa nyandani. Siku ya kuchangia, kila mmoja huvaa fulana ya kijani, hukaa kando ya mtu wa kwao, humshika mkono na kumweleza kila hatua.

"Mtu akichomwa sindano," husema Shangazi, "hukumbuka lugha ya mama yake. Sasa awepo wa kumwitikia."

Mpango ulikuwa mzuri. Kilichokosekana ni watu. Mtaani walimsikiliza Shangazi, wakamkaribisha chai, wakamsifu viatu, wasije. Mara ya kwanza zilipatikana chupa tisa. Mara ya pili kumi na moja, nne kati ya hizo zikiwa za ndugu zetu wenyewe. Ndipo ikaja barua ya Daktari Mkuu, ambayo niliikuta mlangoni mwa friji imebanwa kwa sumaku yenye umbo la nanasi. Jumamosi ijayo zipatikane chupa hamsini. Zisipotimia, gari la damu litapelekwa mtaa mwingine, na muuguzi husika atahamishiwa chumba cha majalada.

"Chumba cha majalada kuna nini?" nilimuuliza.

"Majalada."

"Na watu?"

"Wamo ndani ya majalada."

Akacheka kidogo, kisha akaanza kusugua sufuria. Nikajua mambo yamemfika shingoni, maana sufuria lile lilikuwa safi.

"Unajua Mama Mikate yuko hai kwa sababu gani?" akasema akiwa amenipa mgongo. "Alijifungua mapacha, akatokwa damu mpaka midomo ikawa myeupe. Chupa mbili zikatoka mji mwingine, mwendo wa saa tatu. Saa tatu, Kengele! Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Nikasema, siku moja damu itoke hapa hapa, mtaa wa pili."

Akasugua tena. Mimi nikarudi mezani kwenye nakala yangu ya kumi na tisa, lakini kalamu haikusonga. Kichwani palikuwa pameingia wazo, na mimi wazo likiniingia silifukuzi. Nimelelewa kuwakarimu wageni.

Kesho yake nilitumwa kupeleka fulana za kijani. Nilianzia kwa Fundi Cherehani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Kengele. Leo umempigia nani?"

"Sijampigia mtu. Nimeleta fulana." Nikavuta pumzi ya masikitiko. "Halafu, fundi, usimwambie mtu. Inasemekana kwa Kinyozi kwamba watu wa milimani hawatafika hata kumi. Eti sindano ikitolewa tu mnapanda mlima wenu."

Cherehani ikanyamaza. Fundi alikuwa na pini sita mdomoni, na akazitoa moja moja, taratibu, kama mtu anayepakia bunduki.

"Sindano? Mimi?" akasema. "Kengele, mimi nimeishi na sindano mdomoni miaka thelathini! Tutakuja thelathini. Hapana, arobaini!"

Kwa Kinyozi nilisema inavumishwa kwa Mama Mikate kwamba watu wa nyandani wakiona tone la damu huanguka kama magunia. Alikuwa amemnyoa mteja nusu ya kichwa. Mteja naye ni wa nyandani, akaruka kitini na kitambaa shingoni.

"Magunia?"

"Kaa chini, ndugu yangu, nimalize," alisema Kinyozi.

"Sikai! Niandike jina kwanza!"

Kinyozi akaliandika jina lake kwenye kioo kwa povu la sabuni. Huo ukawa ndio utaratibu: kufikia Ijumaa huwezi kujiona uso kwenye kioo kile, ni majina matupu.

Kwa Mama Mikate nilisema kuna fundi mmoja, sitamtaja, anayedai damu ya watu wa visiwani ni maji ya chumvi. Mama Mikate alikuwa anakanda unga. Alilipiga donge kofi moja, mbao za meza zikalia.

"Na yeye yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo fundi usiyemtaja, mwenye duka lile la kijani."

"Mama, mimi nimeshasema sitamtaja."

"Basi mwambie ajiandae," alisema. "Wanangu tumboni walikunywa maji hayo hayo ya chumvi, na leo wanabeba magunia mawili mawili."

Uongo wangu ulikuwa mdogo, wa kukaa kwenye kiganja. Wao ndio walioutia hamira. Kufikia Ijumaa Fundi alikuwa ameshona bendera, watu wa visiwani wametunga wimbo, na Shangazi, ambaye hakujua lolote, alirudi nyumbani macho yanang'aa.

"Wanakuja!" aliniambia, akanizungusha jikoni mpaka kiatu changu kimoja kikaruka kwenye beseni. "Kengele, wanakuja wenyewe! Nimekwenda kwa yule bibi wa pembeni ambaye hajawahi hata kunifungulia mlango, akaniuliza: yule wa mlimani kaandika jina? Basi na mimi niandike mara mbili!"

Nilipokea furaha ile kwa unyenyekevu wa mtenda wema asiyetaka kujulikana.

Jumamosi gari la damu lilifika saa mbili asubuhi. Shangazi na wenzake wawili walitandika vitanda vitano katika ukumbi wa jamii, ambao uko ghorofa ya pili na una ngazi thelathini na nane. Saa tatu wakaja. Walikuja watu zaidi ya tisini, makundi matatu kutoka njia tatu, wakakutana mlangoni. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwa wa pili, wote wakapanda ngazi kwa mbio. Bendera ilinasa kwenye taa. Wimbo wa visiwani ukapigwa miluzi na watu wa nyandani. Mzee mmoja wa milimani alifika juu amembeba mwenzake mgongoni, si kwamba mwenzake ni mgonjwa, ila wawili wafike kwa pamoja.

Wa kwanza kukaa kwenye kiti cha Shangazi alikuwa yule aliyenyolewa nusu. Shangazi akamfunga mkono mashine ya presha. Mashine ikavuma, ikafikiri, ikasema mia na tisini kwa mia na kumi.

"Hapana," alisema Shangazi. "Ikizidi mia na themanini kwa mia, sikutoi damu. Pumzika kidogo."

Wa pili, mia na themanini na sita. Wa tatu, mia na tisini na nne. Wa nne, yule mzee aliyembeba mwenzake, mashine iliandika neno la kosa ikazima yenyewe.

Shangazi akamtazama yule wa nusu nywele. "Umekuja kwa hiari yako?"

"Nimekuja kumwaibisha Fundi."

"Hiyo si hiari, hiyo ni hasira. Na mashine nayo imeiona."

Akawaambia wote wapumzike. Lakini utapumzikaje wakati jirani anakuzomea? Waliokaa walisimama kujibu, waliosimama walipanda juu ya viti. Saa nne na nusu vitanda vitano vilikuwa vyeupe, vitupu, na chupa zilikuwa sifuri. Shangazi alikuwa amesimama katikati na mashine yake mkononi, uso wake ule ule wa siku ya sufuria.

Hapo ndipo watu watatu wenye fulana za kijani walipokutana uso kwa uso.

"Wewe ndiye uliyesema damu yetu ni maji ya chumvi?" alisema Mama Mikate.

"Mimi? Mimi nimeambiwa tunakimbia sindano! Na huyu!" alisema Fundi, akimwonyesha Kinyozi.

"Nani kasema?" alifoka Kinyozi. "Mimi nimeambiwa ni magunia!"

"Umeambiwa na nani?"

Wote watatu wakageuka. Kisha vidole vitatu vikaninyookea, kutoka pande tatu za nchi, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo jamii zile ziliwahi kukubaliana.

Shangazi hakupaza sauti. Katika ukoo wetu tunajua kwamba Shangazi akipaza sauti, nafuu ipo.

"Waombe radhi," alisema.

Nikapanda juu ya kiti nikaomba radhi. Nilisema hakuna aliyemtukana mtu, maneno yote niliyatengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu miwili. Fundi alishika kichwa. Watu tisini wakaacha kuzomeana wakaanza kunizomea mimi. Shangazi akampima mmoja wa karibu. Mia na tisini na sita.

"Haya," alisema, akaniwekea mashine ya presha mikononi kama mtu anayekabidhi mtoto. "Uliyepandisha, ushushe."

"Shangazi, nitashushaje?"

"Ulipandisha kwa mdomo. Mdomo unao bado."

Nilijaribu kuamuru ukimya. Ukimya ulipatikana, lakini ulikuwa ukimya wa paka wawili juu ya ukuta mmoja. Nikajaribu vichekesho. Nilisimulia kisa cha makamu mkuu na soksi moja, wakacheka, na kwa muda nilijiona shujaa, mpaka Shangazi aliponionyesha namba: kicheko nacho hupandisha. Yule wa nusu nywele alikuwa amefika mia mbili na machozi yanamtoka.

Nikasimama pale, jasho linanitiririka. Nilihitaji kitu kisichochekesha, kisichokasirisha, kisichogusa moyo wa kiumbe chochote. Kitu cha baridi. Kitu kirefu.

Nilikuwa nimeshakinakili mara ishirini na saba.

"Ndugu wananchi," nilianza, nikashusha sauti mpaka pale anapoishusha Mkuu wa Shule, chini ya kidevu. "Matumizi bora ya bomba la maji. Utangulizi. Bomba ni chombo. Kama vile vyombo vingine vyote ambavyo ni vyombo, bomba nalo lina namna yake ya kutumiwa, na namna hiyo ndiyo tunayoiita matumizi."

Watu wakatazamana. Fundi akanong'ona, "Ndio nini hiki?"

"Watafsirie," alisema Shangazi.

"Hiki?"

"Neno kwa neno, fundi. Taratibu."

Basi Fundi akawageukia watu wa milimani akatafsiri. Mama Mikate akawatafsiria wa visiwani. Kinyozi akawatafsiria wa nyandani. Walipomaliza, kila mtu mle ndani aliyejua kidogo lugha ya jirani yake alikuwa amesikia kwamba bomba ni chombo zaidi ya mara moja, na Shangazi na mimi tulikuwa tumesikia mara nne.

"Bomba," niliendelea, "hufunguliwa kwa kuzungushwa upande wa kushoto. Hufungwa kwa kuzungushwa upande wa kulia. Asiyejua kushoto kwake na amwulize aliye kulia kwake."

Likatafsiriwa. Mtu mmoja akakaa. Kwenye aya ya vidole vinavyofaa kushika bomba, kumi wakakaa. Mama Mikate alipiga mwayo katikati ya tafsiri, mwayo ukatembea safu nzima ya visiwani, ukavuka kwa majirani bila kuuliza kabila. Kufikia ukurasa wa tatu, ambao wote unahusu tone, nilimwona yule mzee wa milimani ameegemeza kichwa kwenye bega la mtu wa nyandani, na mtu wa nyandani ameegemeza shavu kwenye upara wake.

Shangazi alipita kati ya viti kwa ncha za vidole. Mia na sitini na mbili. Mia na arobaini. Mia na ishirini na sita! Alinipungia kalamu: endelea, endelea. Alimgusa yule wa nusu nywele begani.

"Umekuja kwa hiari yako?"

"Eeh, dada," alisema kwa sauti ya mtoto aliyeamshwa. "Chukua tu. Na pale kuna kitanda?"

Saa tano na dakika ishirini chupa ya kwanza ilijaa. Ikafuata ya pili, ya tano, ya kumi na mbili. Nilifika ukurasa wa kumi na moja nikaanza upya utangulizi, hakuna aliyegundua. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji, lakini siku ile maji ndiyo yaliyoikokota damu, na mimi ndiye niliyekuwa nayafungulia.

Saa nane mchana Daktari Mkuu akapanda ngazi thelathini na nane. Alikuja kushuhudia maziko ya mradi. Akakuta ukumbi mzima umeinamisha vichwa, mtu mmoja anasema polepole juu ya kiti, na watatu wanamfuatisha kwa huzuni.

"Kuna msiba?" alimnong'oneza Shangazi.

"Hapana, daktari. Kuna presha nzuri."

Akakaa akahesabu. Thelathini na nne. Saa tisa zilikuwa arobaini na nne. Saa tisa na nusu zikawa arobaini na nane, kumi na sita kwa kila upande, sawasawa, na dereva wa gari la damu akapanda kitandani ikawa arobaini na tisa. Basi. Waliobaki ni wenye dawa za kila siku, wenye uzito mdogo na wenye upungufu wa damu. Wengine kumi na watatu walikuwa wamekwenda nyumbani kulala, athari ambayo sikuitarajia. Mimi nina miaka kumi na sita, hairuhusiwi. Shangazi na wenzake wawili walikuwa wametoa wiki tatu zilizopita, hairuhusiwi. Na gari lilipaswa kuondoka saa kumi kamili.

Daktari Mkuu akafunga daftari lake kwa masikitiko ya kweli. "Barua ilisema hamsini."

"Ndiyo, daktari," alisema Shangazi. Akaichukua mashine ya presha. "Naomba kuuliza. Wewe ulichangia mara ya mwisho lini?"

Hata waliolala waliamka. Daktari Mkuu alitazama dirisha, akatazama viatu vyake.

"Mimi, kwa kweli, nimepanda ngazi, presha yangu haitakuwa..."

Mashine ilikuwa imeshamfunga mkono. Mia na sabini na nane kwa mia na nne.

"Unaona?" alisema kwa furaha ndogo. "Ya chini imezidi mia."

"Kengele," alisema Shangazi bila kugeuka. "Ukurasa wa sita."

Ukurasa wa sita ni wa uvujaji. Niliusoma kwa upendo wote nilionao. Daktari Mkuu alipigana kiume hadi mstari wa tisa, kisha kope zikamshinda. Mia na thelathini kwa themanini na nne. Shangazi akamwamsha, akamuuliza kama yuko radhi, na yeye akatutazama wote tuliokuwa tumemzunguka, akavua koti.

Hapo ikazuka hatari mpya. Kumi na sita kwa kumi na sita kwa kumi na sita: huyu ni wa kwetu au wa kwao? Fulana tatu za kijani zikamkalia kitandani kama kuku juu ya yai.

"Bibi yako mzaa mama alitokea wapi, daktari?" aliuliza Fundi kwa upole wa kutisha.

"Acha, mtamjua sasa hivi," alisema Kinyozi. "Sindano ikiingia atasema kwa lugha yake."

Tukatega masikio. Shangazi akachoma.

"Mama wee!" alisema Daktari Mkuu.

Watatu wale wakamwitikia kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha yake, na kila mmoja akageuka akawatazama wenzake kwa ushindi. Ugomvi huo unaendelea hadi leo. Chupa ilipojaa, Shangazi aliiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, akacheza nayo hatua nne, akakumbuka ni damu, akaiweka kwenye sanduku la barafu kwa heshima. Watu wakapiga kelele mpaka madirisha yakatikisika, na laiti ungewapima wakati ule!

Gari la damu limebaki. Shangazi naye amebaki na miguu yake. Kwenye friji barua imeondolewa, sumaku ya nanasi sasa imebana kikaratasi kilichoandikwa "50", na chini yake, kwa kalamu nyingine, "muombe radhi Kinyozi tena."

Nilirudi shuleni na nakala thelathini na barua ya Shangazi iliyofungwa, kwa Mkuu wa Shule. Nilidhani ni ya kuniombea msamaha. Jumatatu asubuhi Mkuu aliisoma mbele ya uwanja mzima, miwani imejaa ukungu. Ilisema kwamba hotuba yake imesaidia kupatikana kwa chupa hamsini za damu, kwamba jamii tatu zimeisikiliza kwa utulivu usio na kifani, na kwamba yeye mwenyewe anaalikwa kuwa mgeni rasmi siku ijayo ya kuchangia.

"Kwa heshima hiyo," alisema Mkuu, akafuta miwani, "nimeongeza kurasa nne kuhusu ndoo. Nitaanza kuzijaribisha leo."

Wanafunzi mia sita wakanigeukia taratibu. Nilijaribu kuonyesha uso wa majuto. Niliudumisha mpaka pale Mkuu alipofikia tofauti kati ya mkono wa ndoo na mkono wa mwenye ndoo, na kuanzia hapo sina ushahidi wowote wa kutoa, ila naambiwa nilishikwa mkono nikapelekwa darasani.